Walaji Wenye Njaa

Machela ilipotuliwa nje ya lango la Irembero, hakuna aliyesogea kuipokea. Watu walitoka majumbani, wengine bado wanatafuna, wakapanda juu ya ukuta wa mji na kukaa wamebanana kama kuku kwenye uchaga. Kisha matusi yakaanza.

"Wametuletea maradhi, hao!"

"Mwageni chokaa!"

"Watu wa bondeni bwana! Wanaoga mara moja tu, siku ya kuzaliwa, tena kwa maji ya mkunga!"

Ukuta mzima ukacheka. Isingoma hakucheka wala hakujibu. Alikuwa mwanamume mrefu, shingo nene, na ndiye aliyebeba mbele ya machela kutoka bondeni mpaka kileleni. Mabega yake yalikuwa yamechubuka. Nyuma yake walisimama wanaume watatu wa kwao waliosaidia kubeba. Juu ya machela alilala dada yake pacha, Nyakato, amefunikwa shuka mpaka kidevuni ingawa jua lilikuwa kali.

"Mwiteni yule mjane," Isingoma alisema. "Mwiteni Kemilembe. Aje aone alichomlisha dada yangu."

Kemilembe alikuwa palepale nyuma ya lango, na jagi la chambo mkononi. Ilikuwa asubuhi ya kulisha, na kazi yake ilikuwa kulisha. Watu walipita mbele yake mmoja mmoja, kila mtu akameza kikombe kimoja cha maji ya kijivu yenye vijidudu vilivyokufa. Hicho hakikuwa chakula chao. Kilikuwa chakula cha walaji wao, zile seli zilizokuzwa Jikoni kutoka kwenye uboho wa kila mtu na kurudishwa mwilini mwake zikiwa zimefundishwa kuwinda. Tangu enzi za bibi yake, dawa zote zilipoacha kufanya kazi, ni walaji tu waliosimama kati ya mtu wa Irembero na kaburi. Lakini walaji waliofundishwa walikuwa na njaa kuliko wa kuzaliwa nao. Mlaji asiyelishwa hujitafutia. Mtoto wa Irembero alijua maneno hayo kabla hajajua jina la baba yake.

Akamwachia mwenzake jagi, akatoka nje.

Hakumtazama mgonjwa kwanza. Alimtazama Isingoma. Kila mtu alijua kwamba Isingoma ndiye aliyempasua Byabato, mume wake Kemilembe, kwa jiwe, siku ile watu wa juu na watu wa bondeni walipogombania chemchemi ya mpakani. Baada ya maziko vijana wa pande zote mbili walianza kunoa mapanga. Wazee wakaingilia, wakafufua desturi ya zamani ya udugu wa damu. Nyumba iliyouawa itoe mtu, nyumba iliyoua itoe mtu. Wachanjwe chini ya kitovu, damu ipakwe kwenye punje ya kahawa, kila mmoja ameze ya mwenzake na kutamka: *Tumbo langu ni tumbo lako. Nikikuficha neno, damu yako inile.* Irembero ikamtoa mjane. Bondeni wakamtoa dada wa muuaji.

"Haya, nimekuja," Kemilembe alisema. "Una nini?"

Isingoma akavuta shuka. Macho ya Nyakato yalikuwa ya njano kama ndizi iliyoiva, na midomo yake haikuwa na damu hata kidogo.

"Mkojo wake mweusi kama kahawa," Isingoma alisema. "Hana homa. Hajang'atwa na kitu. Ameanza hivi tangu mlipoapa. Umempa nini?"

"Nimempa alichonipa yeye. Ulikuwepo, ulishika kisu mwenyewe."

Ukuta ulikuwa umenyamaza ukisikiliza. Sasa kikongwe mmoja akapiga kofi pajani. "Kiapo!" akapaza sauti. "Jamani, kiapo kimemshika! Ameficha neno, damu inamla!"

Furaha iliyozuka pale juu ilikuwa kama ya harusi. Wanawake walipiga vigelegele. Lakini jambo lililomnasa Kemilembe lilitokea chini. Wale wanaume watatu wa bondeni walitazamana, kisha wakarudi nyuma, taratibu, kama watu wanaokwepa siafu. Mmoja akaanza kujipangusa viganja kwenye suruali.

Isingoma akawaona. Akainama juu ya machela, na sauti yake ikawa nyingine. "Nyakato. Umevunja nini? Hebu niambie mimi."

Nyakato akafumba macho.

Kemilembe akasikia kitu kitamu kikimshuka kooni. Tangu amzike Byabato hakuwa ameonja kitu kitamu. Hakujilaumu. Alisimama pale akakionja mpaka mlinzi wa lango akaja na sindano, akamtoboa Nyakato kidole, kwa sababu sheria ilisema hakuna mgeni anayelazwa hata kwenye kibanda cha nje kabla damu yake haijaonekana Jikoni.

Mchana haujafika, Bi Agripina akamwita.

Bi Agripina alikuwa Mkuu wa Jiko, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Katika Irembero nzima hapakuwa na mlaji ambaye hakupita kwenye matangi yake. Chumba kilikuwa cha baridi, matangi yakinguruma kama paka walioshiba. Hakumkaribisha kiti. Aliwasha hadubini, ukuta mweupe ukajaa tone moja la damu.

"Damu ya yule wa machela," alisema. "Tazama, halafu uniambie unamjua nani humo."

Mwanzo Kemilembe aliona chembe nyekundu tu, nyingi, za mviringo, zikisukumana kama watu sokoni. Kisha kitu kikapita katikati yao. Hakikuwa na umbo. Kilijivuta, kikajinyoosha, kikajivuta tena. Na kiling'aa kijani kibichi, kama mbawa za senene. Jikoni kila mtu alitiwa rangi yake ili walaji wake wajulikane. Kijani hicho alikuwa nacho mtu mmoja tu.

"Ni wangu," alisema.

"Ni wako. Endelea kutazama."

Mlaji akafika kwenye chembe nyekundu, akaigusa, akaionja. Katika mwili wa Kemilembe angeionja, akaikuta ina alama ya nyumbani, akapita zake. Huyu hakupita. Alitoa mikono miwili ya ute, mmoja huku na mmoja kule, ikaizunguka chembe ile taratibu kama mtu anayemkumbatia mwenzake msibani. Mikono ikakutana upande wa pili, ikaungana. Chembe ikawa ndani, imefungiwa kwenye kifuko. Vifuko vidogo vya tindikali vikaja kutoka kila pembe ya mlaji, vikajibandika kwenye kile kikubwa, vikamwaga. Chembe nyekundu ikapoteza kingo zake, ikalainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji, ikaisha. Mlaji akatema makombo, akasogea kwa inayofuata. Hakuonyesha hasira yoyote. Hilo ndilo lililomtisha.

"Haiwezekani," Kemilembe alisema. "Ilikuwa punje moja ya kahawa. Damu ikifika tumboni inakufa. Babu zetu wamekula viapo hivi miaka na miaka."

"Damu ya babu zako ilikufa kwa sababu ilikuwa damu tu. Yako ina walaji. Unadhani wataogopa tindikali ya tumbo, wao wanaoibeba wenyewe?" Bi Agripina akasogeza kioo kidogo. "Ila mlaji aliyeshiba ni mvivu. Angelala kwenye punje yake mpaka atolewe chooni. Hawa walipenya ufizi na utumbo. Hilo limenisumbua tangu asubuhi. Siku ya kiapo, ulikunywa chambo chako?"

"Nilifunga. Mtu haapi akiwa ameshiba."

"Ulifunga chakula."

"Nilifunga vyote, mama. Chambo nacho si kinapita mdomoni?"

Kemilembe hakuwahi kumsikia Bi Agripina akicheka. Sasa alimsikia. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyeokota kitu njiani.

"Basi ndiyo hivyo. Wewe ulipotoka pale ukanywa, wako wakatulia. Waliobaki kwenye punje waliingia kwake na njaa, ndani ya mwili ambao kila kitu kinanuka ugeni. Chembe, maini, figo. Ukimpa chambo atapata nafuu ya muda, kisha wataendelea."

"Mpaka lini? Si wataisha?"

"Wanazaana. Kwa nini waishe, na meza imejaa?"

Ukutani, yule mlaji wa kijani alikuwa ameshamaliza chembe nyingine.

"Hakuna njia ya kuwazuia?"

Bi Agripina akamgusa Kemilembe shingoni, pale palipokuwa na kichupa chembamba kwenye kamba. Kila mtu wa Irembero alivaa cha kwake, tangu siku aliyotiwa walaji, kwa ajili ya siku walaji wake wakishikwa na wazimu. Walikiita ufunguo.

"Ukivunja hiki ukameza, walaji wako wote wataambiwa wafe. Na wanapokufa humwaga wito kwenye damu, ili mwenzao yeyote wa rangi moja aliyejificha naye ajiue. Damu yako ya saa ile, kijiko kimoja tu kwenye mshipa wake, na hao wa kijani wataanguka mmoja mmoja. Hakuna kitu kingine kinachowaita." Akaondoa kidole. "Na uboho uliokwisha kusikia wito haupokei walaji tena. Utakuwa mtupu. Sheria ya watupu unaijua, ulinisaidia kumtoa mmoja nje. Sikuelezi ili ufanye. Nakueleza ili ujue kwa nini hutafanya."

Kemilembe akakifumbata kichupa kile.

"Fikiri na hili. Sisi hatujafanya lolote. Wao wenyewe wameshasema ni kiapo. Ndugu zake wameshaanza kujifuta mikono. Akifa, amekufa kwa hatia yake, na chemchemi ni yetu bila panga kutoka alani." Aliongea kama mtu anayepanga mboga. "Na bondeni kuna nyumba nyingi, Kemilembe. Kila nyumba inataka amani na sisi. Tutaapa nao. Tutafunga kwanza, kama desturi inavyotaka."

"Nyumba zote?"

"Zitakazotaka amani." Bi Agripina akazima hadubini. "Nilimwona mumeo walipomleta. Uso wake ulikuwa mzuri sana, ule upande uliobaki."

Kibanda cha nje kilikuwa mita chache kutoka langoni: nguzo, bati, kitanda cha kamba. Isingoma hakuwepo, alikuwa amewafuata wenzake njiani, akibembeleza wasimwache peke yake. Kemilembe alikwenda na kikombe cha chambo na mfuko wake wa kazi. Alijiambia anakwenda kutazama tu. Alikuwa na haki ya kutazama.

"Umekuja kunusa kama nimeoza?" Nyakato aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Kunywa hiki."

"Kina nini?"

"Uchafu. Utauzoea."

Nyakato akanywa, akakunja uso. "Mnanuka, nyie watu wa juu. Siku zote nilitaka kuwaambia. Mnanuka kama choo kilichooshwa sana."

"Na nyie kama choo kisichooshwa. Lala."

Upepo uligongagonga bati. Ukutani watoto walikuwa wakiimba wimbo walioutunga saa ileile, kuhusu mwanamke mwenye macho ya ndizi.

"Isingoma atafikiri ni yeye," Nyakato alisema. "Atafikiri kiapo kimenishika kwa ajili yake. Mwambie si yeye. Wewe mwambie, kwangu hataamini." Akameza mate kwa shida. "Jiwe lilikuwa langu."

Kemilembe alikuwa anafunga mfuko. Mikono ikasimama.

"Mumeo alikuwa anamwaga chokaa kwenye mfereji wetu. Chokaa, kwenye maji ya watoto. Isingoma alikuwa anagombana naye kwa maneno. Mimi nilikuwa juu ya jabali. Nililenga ndoo. Akainama."

"Muongo wewe."

"Haya, muongo. Sijui nililenga nini. Nilikuwa na hasira, jiwe lilikuwa mkononi, mara halikuwa mkononi. Isingoma alisema ni yeye kabla sijashuka kwenye jabali." Sasa akageuza kichwa, yale macho ya njano yakamtazama. "Halafu nikaja kuapa nawe. *Nikikuficha neno, damu yako inile.* Nilikuficha punje yako ikiwa bado mdomoni. Basi inanila. Nimekubali. Nilitaka tu uwe umesikia."

Kemilembe akakaa chini, kwenye udongo.

Hakuna mtu angemlaumu. Hata huyu mwenyewe asingemlaumu. Alikuwa amelala pale anangoja kufa kama mtu anayengoja zamu yake. Muuaji alikuwa mkononi mwake, na mkono haukuwa na haja ya kufanya chochote. Akajaribu kukitafuta kile kitu kitamu cha asubuhi. Kilikuwepo, lakini kila alipokionja aliona ukuta mweupe, na mlaji wa kijani akikumbatia. Yule mlaji hakujua habari ya jiwe. Hakujua chokaa, wala chemchemi, wala Byabato. Angemla Isingoma vilevile. Angemla mtoto wa siku moja. Hakuwa anamla Nyakato kwa kuwa aliua. Alimla kwa kuwa alikuwa na njaa, na Nyakato alikuwa mgeni kwake. Na kule Jikoni kulikuwa na mtu ambaye angeiita njaa hiyo haki, angeipeleka nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ingeamini imejiua yenyewe.

"Si kiapo, mpumbavu wewe," alisema.

"Nini?"

Akamweleza. Alimweleza vibaya, kwa haraka, kwa hasira: punje, kufunga, walaji, rangi. Nyakato alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajaribu kuinuka, na mishipa ikamtoka shingoni.

"Kwa hiyo nakufa bure?" alisema. "Nimekaa nalala na kosa langu, nimelimeza, nimelikubali, kumbe ni wadudu wako? Hukuwalisha wadudu wako?"

"Si wadudu."

"Toka! Toka hapa! Heri kiapo!"

Kemilembe alitoka kweli. Lakini hakwenda langoni. Alisimama kwenye uwanja ulio wazi, kati ya kibanda na ukuta, mahali ambapo kila mtu angemwona. Isingoma alikuwa anarudi peke yake, kichwa chini. Wale watatu walikuwa wamekwenda zao.

"Wewe, njoo hapa," Kemilembe alimwita. "Fungua mfuko huu, utoe bomba la sindano. Na usiniulize kitu, maana sauti yako siipendi."

Kisha akapaza sauti kuelekea ukutani.

"Watu wa Irembero! Kiapo hakijamshika mtu. Siku ile nilifunga, na chambo sikunywa. Ni walaji wangu walio ndani yake. Wangu, wa kijani, nimewaona Jikoni kwa macho haya. Na Bi Agripina amewaona. Na anataka tuape na bondeni yote, tufunge kwanza, tuwamalize wakidhani ni Mungu!"

Kelele zikasimama, kisha zikarudi zimevurugika. "Anasema nini?" "Amerogwa!" "Muulizeni Bi Agripina!" Bi Agripina mwenyewe alikuwa ameshapanda juu ya lango. Hakupaza sauti.

"Uchungu wa ujane umempanda kichwani," alisema. "Kemilembe, mwanangu, ingia ndani unywe maji."

Pembeni yake alisimama mama yake Byabato, khanga ya msiba bado kiunoni. Tangu siku ya kwanza ya ndoa alikuwa mama mpole. "Mkwe wangu," alisema, na sauti ikamkatika. "Yule ni dada wa muuaji. Damu ya mwanangu unaiuza kwa nini? Amekupa nini?"

Kemilembe angeweza kumjibu. Neno moja tu lilitosha, lile la jiwe, na lilikuwa kubwa kuliko yule mama alivyodhani. Lakini neno hilo lingeyatoa mapanga alani jioni ileile. Akalimeza. Kisha akakivuta kichupa, akakivunja kwa meno, akameza na kilichomo.

Ladha ilikuwa ya chuma. Mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu baridi ikaanza kwenye mifupa, ndani kabisa, kwenye mapaja na mgongo, mahali walaji huzaliwa. Ikatoka nje kwenye mishipa. Alihisi kama nyumba ambayo watu wanahama wote kwa wakati mmoja, milango ikigongwa chumba baada ya chumba. Meno yakagongana. Akapiga magoti.

"Sasa," alimwambia Isingoma. "Hapa, kwenye mkono. Usitetemeke. Ulishajua kushika kisu, shika na hili."

Isingoma akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu, na Kemilembe alikichukia kiganja hicho kwa mazoea, ingawa sasa alijua hakikurusha chochote. Damu ikapanda kwenye bomba. Isingoma akakimbia nayo kibandani, na sauti ya Nyakato ikasikika akitukana, kisha akanyamaza.

Nyuma yake Kemilembe akasikia lango linafungwa. Komeo la mbao lilipoingia, mtu mmoja ukutani akatupa chini ndoo ya chokaa. Ikamwagika hatua mbili kutoka miguuni pake, nyeupe, kama mpaka.

Bondeni hawakumpokea kwa ngoma. Walimweka kwenye banda la mbuzi. "Mpaka tujue hulipuki," Isingoma alisema, na hakuwa anatania. Wanawake walimwekea ndizi mlangoni na kukimbia. Hakuna aliyekubali kuchota maji baada yake. Wazee walikataa kuapa tena na mtu yeyote wa juu, na mabalozi wa Bi Agripina walipokuja na maneno ya amani, walirudishwa na mbwa. Hilo Kemilembe alilisikia kupitia ukuta wa fito, na ndilo jambo pekee lililomfanya ale zile ndizi.

Nyakato alipona polepole. Macho yalianza kuwa meupe kutokea pembeni. Hakuja kumshukuru. Alipita mbele ya banda kila asubuhi kwenda mferejini, na kila asubuhi walitazamana kama paka wawili.

Njiani kutoka Irembero Kemilembe alijikwaa, kidole gumba cha mguu kikapasuka. Kilikuwa kidonda kidogo tu. Juu kule kingefunga kabla hajakikumbuka. Mtu alikatwa na panga na kesho yake akalima. Hiki hakikufunga. Kilivimba, kikawa chekundu, kikawa cha moto, kikadunda usiku na mchana kana kwamba moyo umeshuka mguuni. Hakuwahi kuhisi kitu kama hicho maishani mwake. Kisha ngozi ikainuka, chini yake kukajaa kitu kizito cha njano. Alijua anakufa. Alikaa nje ya banda, mguu juu ya gogo, akikitazama kidole chake kama mtu anayetazama moto unaokuja.

Nyakato akasimama. Akaweka ndoo chini.

"Una nini unalia?"

"Silii."

"Lete huo mguu." Akauinua kwa kifundo, bila upole. Akaangalia, akatoa sauti ya puani. "Usaha. Mwanamke mzima analilia usaha. Kwetu mtoto anayetambaa anaujua."

"Ndiyo nini?"

"Uchafu wa kidonda. Ukitoka, unapona. Au huponi. Hujawahi kuona?"

Hakuwahi. Irembero hapakuwa na usaha. Kemilembe akainama karibu, akakitazama kile cha njano kilichotunga chini ya ngozi, na akili yake ikarudi kwenye ukuta mweupe wa Jikoni. Kila mtu huzaliwa na walaji wake, Bi Agripina alipenda kusema, akiwacheka: wavivu, hawajasoma, mmoja akila kidogo anakufa. Hakuna mtu aliyewahi kuwahesabu kuwa kitu. Kwake yeye walikuwa hawajaitwa kazini tangu alipokuwa na meno ya maziwa. Sasa ngazi zote za juu zilikuwa tupu, na mlango wa kidole gumba ulikuwa wazi, na kumbe kuna waliokwenda. Bila rangi, bila kufundishwa, bila chambo. Walikwenda wakakumbatia walichokikuta, wakakimeza, wakafa nacho tumboni, na waliokuwa nyuma wakapita juu yao.

"Si uchafu," alisema.

"Ni nini basi?"

"Ni maiti."

Nyakato akaangalia kidole, akamwangalia yeye. "Maiti za nani?"

"Zangu. Ni watu wangu hawa. Wamepigana."

"Wengi?"

"Wengi sana."

"Na waliobaki je?"

"Sijui," Kemilembe alisema. "Hakuna mtu aliyewahi kungoja ili ajue."

Nyakato akaenda nyumbani, akarudi na bakuli na kitambaa, akachuchumaa. Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto na chumvi, akakikamua, akashika kidole kwa mikono yake miwili.

"Kaza meno," alisema.

Kemilembe akakaza meno. Akaiangalia ile mikono, ambayo hakuwa ameisamehe na hakujua kama angeweza kuisamehe, ikibana taratibu kutoka chini kwenda juu, ikibana tena, mpaka njano ikaisha na damu nyekundu ikaanza kutoka.